Shangazi Akujibu: Mume wangu asema jozi "imekaribia"

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nguo za mitumba hapa Mulot. Mume wangu ana majani chai kidogo huko juu Mogogosiek, shamba aliloachiwa na babake. Bonasi ya majani chai ilipoingia kwa simu tulikubaliana itoe karo ya kifungua mimba na inayobaki tununue mtamba. Kumbe ilikuwa inaliwa na blakijaki, ile karata ya ishirini na moja inayochezwa kwa simu. Sh38,000 zimeisha kwa wiki mbili.

Nilipomuuliza hakukana. Alinionyesha daftari. Ameandika kila karata zinapogawiwa: J ikiwa jozi imetokea, mstari ikiwa haikutokea. Anasema yeye hachezi kamari, anapiga hesabu. Jozi hutokea mara moja kwa kumi na tatu, kwa hivyo mistari ikifika kumi na miwili, jozi "imekaribia", na hapo ndipo anapandisha dau. Yeye alifika kidato cha nne, mimi niliishia la nane, nikakosa la kumjibu. Sasa anataka kitambulisho changu asajili laini nyingine afungue akaunti ya pili. Shangazi, hesabu yake ni ya kweli? Na kitambulisho nimpe?

Mwenye Mitumba, Mulot

Mume wako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayomponza.

Meza nyingi za aina hiyo hutumia pakiti nane za karata zilizochanganywa pamoja, jumla 416. Anachoandika daftarini si mchezo wenyewe. Ni dau la pembeni, ambalo mezani huitwa Perfect Pairs. Unaliweka kabla karata hazijagawiwa, ukibashiri kwamba zako mbili za kwanza zitakuwa jozi. Tuseme ya kwanza ni tano ya kopa. Zimebaki karata 415. Tano za kopa zilizomo ni 7, na ukipata mojawapo una jozi kamili. Tano za uru, nyekundu pia, ni 8: hiyo ni jozi ya rangi moja. Tano nyeusi, za shupaza na za pau, ni 16: jozi mseto. Jumla ni 31 kati ya 415, takriban mara moja kwa kumi na tatu. Hapo amehesabu sawasawa.

Tatizo linaanzia kwenye malipo. Meza nyingi za pakiti nane hulipa mara 25 kwa jozi kamili, mara 12 kwa jozi ya rangi moja na mara 6 kwa jozi mseto. Mara 25 inapendeza macho hadi ukumbuke kwamba jozi kamili huja takriban mara moja kwa 59. Mpe mumeo kalamu afanye hesabu hii katika daftari lake mwenyewe: dau la Sh20, karata zigawiwe mara 415, na kila kitu kitokee kwa kipimo chake. Jozi kamili 7 zitamletea Sh3,500, za rangi moja 8 zimletee Sh1,920, na mseto 16 Sh1,920. Jumla Sh7,340. Mara 384 zilizobaki hakuna jozi, na hapo ameacha mezani Sh7,680. Amepungukiwa Sh340 bila kuandamwa na mkosi wowote. Wewe unayejua kituo cha kununulia majani utaelewa upesi: ni karani anayekata kilo ya gunia kabla ya kuandika uzito, ila huyu anakata kila dakika, usiku na mchana. Na zipo meza zinazolipa mara 11 kwa jozi yoyote. Hizo zingemmezea Sh860 kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa kila Sh100 za dau la jozi, basi, Sh4 hivi hubaki na kasino. Katika mchezo wenyewe wa blakijaki, mtu anayejua wakati wa kuongeza karata na wakati wa kutulia hupoteza wastani wa senti hamsini hivi kwa kila Sh100, sheria za meza zikiwa nzuri. Dau la jozi ni baya mara nane, na akili yake haina kazi hapo. Karata mbili za kwanza zikishaanguka, dau limekwisha kuamuliwa kabla yeye hajagusa kitufe chochote. Huwezi kuwa fundi wa jambo ambalo hukupewa nafasi ya kulifanya.

Turudi kwenye "imekaribia", maana hapo ndipo mtamba wenu alipopotelea. Kupita mara kumi na mbili bila jozi si ajabu. Anza kuhesabu mahali popote, nafasi ya hilo kutokea ni kama 39 kwa mia. Na ya kumi na tatu ikifika, nafasi ya jozi ni ileile, 31 kwa 415. Ikiwa anacheza na mashine, karata huchanganywa upya kila mara na yaliyopita hayamo tena. Ikiwa ni meza ya video yenye mgawaji halisi, ni kweli karata zilizotoka hubadilisha kidogo zilizobaki, lakini daftari lake haliandiki ni karata zipi zimetoka. Linaandika J na mistari tu. Kwa kazi anayoitaka, halimwambii lolote.

Hukuniambia anapandisha dau kwa kiasi gani. Wengi huongeza maradufu, nami nadhani naye ni hivyo, kwa jinsi Sh38,000 zilivyokwenda mbio. Aanze na Sh20, kisha 40, kisha 80. Akikosa mara kumi mfululizo ameshatoa Sh20,460. Kukosa mara kumi mfululizo kuna nafasi ya 46 kwa mia. Ni karibu sawa na kurusha sarafu, na hapo sijataja kwamba meza huwa na kikomo cha dau.

Ongeza serikali. Tangu Julai 2025, Sheria ya Fedha hukata asilimia 5 ya pesa unazoweka katika akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Akituma Sh1,000, zinazofika mezani ni Sh950. Amepoteza zaidi ya kinachokatwa na dau la jozi, na karata bado haijagawiwa.

Bonasi ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa tayari huwa ndogo kuliko ile ya Mlima Kenya, na mtu aliyengoja mwaka mzima apate kidogo hushawishika kukikuza haraka. Namwelewa. Usimtukane wala usilichome daftari. Muombe mkae nalo mchana, watoto wakiwa shule, mfanye ile hesabu ya mara 415. Mtu anayeandika hivyo anaheshimu tarakimu, na huenda zikamfikia pale maneno yako yalipogonga mwamba. Karo iliyobaki ilipwe shuleni moja kwa moja, isipitie simu ya mtu. Kampuni za kamari zenye leseni huwa na mahali pa mteja kujifungia akaunti. Ajifungie mwenyewe, wewe ukiwa hapo. Akishindwa kuacha, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure kwenu nyote wawili.

Kitambulisho usimpe. Mume wako si mwizi, sisemi hivyo. Ila wewe ni wa Mulot, unajua jinsi jina la mji wenu lilivyochafuliwa na kesi za wizi wa laini za simu, na polisi wakifuata laini wanaanza na aliyeisajili. Akikopa kwa laini hiyo, deni la mkopo wa simu nalo litakuwa lako. Leo hii piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, na ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho chako mkononi, uikane.