Jinsi Wanawake wa New Zealand Walivyopata Kura

Wasomaji wetu, leo twataka kueleza habari za New Zealand, nchi ya kwanza yenye kujitawala ambayo wanawake wote wazima walipewa haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Jambo hilo lilitimia mwaka 1893.

Mwongozi wa kazi hiyo alikuwa Bibi Kate Sheppard wa mji wa Christchurch. Yeye na wenzake walikuwa katika chama cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi, kilichoanzishwa nchini humo mwaka 1885. Walikuwa wameliomba Bunge likataze kuwauzia watoto pombe, wasisikilizwe. Ndipo walipotambua ya kuwa mjumbe humsikiliza kwanza yule awezaye kumchagua au kumwangusha.

Basi wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba sahihi za wanawake. Mwaka 1891 walipata zaidi ya 9,000, na mwaka 1892 karibu 20,000. Mara zote mbili Bunge halikuwapa haki hiyo, nao wakaanza tena. Mwaka 1893 zilipatikana karibu 32,000. Karatasi za ombi kubwa ziligandishwa zikawa ukanda mmoja, urefu wake mita 270 hivi, naye Bwana John Hall, mjumbe aliyewatetea, akaukunjua mbele ya wenziwe Bungeni.

Wapinzani walisema mahali pa mwanamke ni nyumbani. Wafanyao biashara ya pombe nao walipinga, kwa kuwa waliiogopa kura ya akina mama. Lakini sheria ya pombe haiishii mlangoni. Huingia nyumbani, na wa kwanza kuumia ni mama na watoto wake.

Tarehe 8 Septemba 1893, Baraza la Juu lilikubali sheria hiyo kwa kura 20 dhidi ya 18. Gavana akaitia sahihi tarehe 19. Haki hiyo ilikuwa ya wanawake Wazungu na Wamaori pia.

Hata hivyo, kuchagua si kuchaguliwa. Wanawake hawakuruhusiwa kusimama wachaguliwe mpaka mwaka 1919, na mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni, Bibi Elizabeth McCombs, alichaguliwa mwaka 1933. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kilichukua miaka 40 kujaa.

Walimu, waulizeni wanafunzi wenu: kama wajumbe wawili tu wangaligeuka siku ile, je, sahihi zile zingalikuwa kazi bure?