Kipande, Mashine na Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa pwani waliohamia Nakuru kwa kazi na biashara, pamoja na Waislamu wenyeji wa huko, hutuuliza suali moja kwa sura tatu. Wa kwanza husema: Je, inajuzu kutoa alama za vidole vyetu na picha za nyuso zetu zitiwe katika mashine za Serikali? Wa pili husema: Namba hizi mpya, si alama za Dajjali hizi? Na wa tatu husema: Mwenye kuishuku Serikali, je, si mwenye kuwaasi wenye mamlaka? Masuali haya mzizi wake ni mmoja, nao ni huu: shaka ina mahali gani katika dini yetu? Tumelidurusu jambo hili katika darasa, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Shaka ni namna mbili

Kuna shaka iitwayo waswasi. Hii haina dalili wala haina mwisho. Mwenye nayo hutawadha mara saba, na bado huona hajatoharika. Na kuna shaka ya uchunguzi, ambayo ni ya mtu mwenye akili anayetaka hoja kabla ya kukubali na kabla ya kukataa. Ya kwanza ni maradhi. Ya pili tumeamrishwa. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Waislamu wanaambiwa wachunguze habari wanapoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga. Na katika Surat al-Israa, aya ya 36, tunakatazwa kufuata tusilolijua, na tunaambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Aya hizi mbili zinakata pande zote mbili. Zinamkata anayesema, "Serikali imesema, basi imekwisha." Zinamkata vile vile anayesema, "Nimeletewa katika simu kwamba namba hii ni ya Dajjali, basi imekwisha." Mwaka 2019 uvumi wa namna hiyo ulienea sana Kenya. Baadhi ya jirani zetu Wakristo waliihofia namba ya mnyama iliyotajwa katika kitabu chao, na baadhi yetu tukaibadili ikawa ya Dajjali. Kwa dalili gani? Hapana. Ubaya wa uvumi huu si uwongo wake tu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba uliyafunika masuali ya kweli. Mtu aliyeshughulika kuihesabu namba ya Dajjali hakuuliza nani atakayeishika daftari.

Kuandikwa si haramu

Ama kuandikwa majina ya watu, hilo si jambo jipya. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha yaandikwe majina ya watu waliotamka Uislamu, wakapatikana wanaume 1,500. Na Sayyidna Umar (r.a.), dola ilipopanuka, alianzisha diwani, yaani daftari la majina ya watu, ili kila mtu afikiwe na haki yake katika mali ya umma. Basi anayesema kwamba kila daftari ni batili, huyo hakusoma.

Walakini tutazame madaftari hayo yalikuwa ya nini, na tutazame Mwenyezi Mungu alivyoifundisha kazi ya kuandika katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani. Mwandishi anaamrishwa aandike kwa uadilifu. Anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule mwenye deni juu yake, wala si mwenye mali. Akiwa hawezi, walii wake atamsemea kwa uadilifu. Ndugu wasomaji, hapa pana funzo kubwa: yule dhaifu ndiye asemaye, naye ajua kilichoandikwa juu yake. Maandishi yanayomhusu mtu, na mwenyewe hajui yaliyomo wala hana uwezo wa kuyasahihisha, yametoka katika mwendo wa aya hii.

Kipande katika Bonde la Ufa

Sasa twende Nakuru, kwani mji ule una mengi ya kutufunza. Reli ilifika huko mwaka 1900, na nchi iliyouzunguka ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Mashamba yalitaka vibarua, na vibarua walikuwa wakitoroka kwa ujira mdogo na mateso. Basi mwaka 1915 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, na baada ya Vita Kuu ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia umri wa miaka 16 alitakiwa achukue kipande chenye alama za vidole vyake, jina la bwana wake na habari za kazi yake. Kipande kiliwekwa katika kijaluba cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Aliyeacha kazi bila ya bwana wake kutia sahihi alikuwa mkosaji, na kwa kipande hicho hicho akitafutwa na kurudishwa.

Vidole na wino havikuwa na dhambi. Dhuluma ilikuwa katika mkono uliokishika kile kipande, kwani mwandishi alikuwa mmoja na bwana, na aliyeandikwa hakuwa na neno.

Mwaka 1947 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Walowezi walipoambiwa kwamba wao nao watoe alama za vidole, walipiga kelele kubwa wakiona ni kuvunjiwa heshima. Nao walisikilizwa: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha badala ya vidole. Tuzingatie haya. Kilichokuwa aibu kwa Mzungu, kwa Mwafrika kilikuwa nidhamu. Heshima ya mwili wa mtu ilipimwa kwa rangi yake na kwa lugha aliyoijua.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini karatasi ziliendelea kuwa na nguvu juu ya watu. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamrishwa peke yao wahojiwe ili wathibitishe uraia wao, wakapewa kadi za rangi ya waridi. Wanubi, ambao ni Waislamu kama sisi, na ambao wamekaa Kibera, Eldama Ravine na miji mingine tangu siku za askari wa Kiingereza, vijana wao walikuwa wakisimamishwa mbele ya kamati waulizwe karatasi za babu zao, ilhali jirani zao walipewa vitambulisho bila ya suali. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ilihukumu kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika jambo hili.

Na mwishoni mwa Januari 2008, katika fitina iliyofuata uchaguzi, watu waliuana Nakuru na Naivasha. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, na wasafiri wakatakiwa watoe vitambulisho, ili ijulikane kwa majina na mahali pa kuzaliwa nani ni wa kabila gani. Kadi iliyotolewa kwa ajili ya kupiga kura na kufungua hesabu benki ikawa kadi ya kuishi au kufa. Hakuna aliyeitengeneza kwa makusudio hayo. Lakini neno likishaandikwa, husomwa na kila atakayelishika, na mwandishi hawezi kuchagua msomaji.

Namba ya mwaka 2019

Kwa sababu ya historia hii, watu wa Nakuru hawakuwa wapumbavu walipojiuliza maswali mwaka 2019, Serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba. Sheria iliyobadilishwa iliruhusu kukusanywa hata chembe za nasaba, yaani DNA, na mahali mtu anapokaa kwa vipimo vya setilaiti. Wakati huo nchi haikuwa na sheria ya kulinda habari za watu; ilipatikana Novemba 2019, baada ya Serikali kutangaza kwamba watu zaidi ya milioni 37 wamekwisha kuandikwa. Ni kama mtu kujaza mali za watu katika ghala, kisha ndipo akatafute mlango na kufuli.

Na ni nani aliyekwenda mahakamani? Miongoni mwao walikuwa Wanubi, kwa jumuiya yao ya Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wa haki za binadamu. Hawakuvunja mashine wala hawakusema habari za Dajjali. Walileta hoja. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walihukumu kwamba Serikali haiwezi kukusanya DNA wala vipimo vya mahali, na kwamba kazi isiendelee mpaka ziwekwe kanuni za kutosha. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikahukumu tena kwamba utoaji wa kadi zake haukufuata sheria, kwa kuwa hatari zake hazikupimwa kwanza. Hii ndiyo shaka ya uchunguzi, na matunda yake ni haya.

Atasema msemaji: Je, katika Surat an-Nisaa, aya ya 59, hatukuamrishwa kuwatii wenye mamlaka? Ndiyo. Lakini aisome aya mpaka mwisho. Aya yenyewe inasema kwamba mkigombana katika jambo, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi mgongano umekwisha kutajwa na njia yake imekwisha kuonyeshwa, nayo ni kurudi kwenye haki iliyo juu ya wote wawili, mtawala na mtawaliwa. Kumtaka mtawala aonyeshe hoja si uasi.

Tusidhani kwamba hatari hutoka serikalini peke yake. Mwaka 2023, katika jiji la Nairobi, watu walipanga foleni wakatolewa picha za mboni za macho yao na mashine ya kampuni ya kigeni iitwayo Worldcoin, wakaahidiwa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo Serikali iliisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamrisha habari hizo zifutwe. Hatuwalaumu maskini waliopanga foleni, kwani njaa haina mashauri. Lakini mboni ya jicho haiotwi mara ya pili. Mwenye kuiuza alama yake ameuza asichoweza kukinunua tena.

Na sisi je?

Haitakuwa insafu kuihesabia Serikali na kampuni, kisha tukajisamehe sisi wenyewe. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza kupelelezana, na katika Surat an-Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za wengine bila ya idhini. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi, yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa jambo moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia bila ya kupitia mlangoni, na hakupiga hodi wala kutoa salamu. Umar aliikubali hoja, akamwacha. Khalifa alikatazwa kupanda ukuta. Je, sisi tumeruhusiwa?

Mume anayeifungua simu ya mkewe usiku amepanda ukuta. Jirani anayeeneza picha ya aibu ya mwenziwe amepanda ukuta. Na jumuiya zetu, ambazo katika mwezi wa Ramadhani huwapanga wajane na mayatima wapigwe picha wakipokea mfuko wa unga, kisha picha zikatangazwa katika simu za watu wote, zimeichukua heshima ya maskini kwa bei ya kilo mbili. Madrasa inayoandika habari za watoto na kuliacha daftari wazi mezani haina uso wa kuilaumu wizara.

Masuali manne

Kwa hivyo, akijiwa Mwislamu na mtu au mashine inayotaka jina lake, kidole chake, uso wake au jicho lake, na aulize mambo manne. Kwanza: nani anayetaka, na sheria gani imempa ruhusa? Pili: kwa haja gani, na je, haja hiyo haitimii kwa kidogo kuliko hicho? Tatu: nitaweza kuona kilichoandikwa juu yangu, na kukisahihisha kikiwa na makosa? Nne: akifanya khiyana, nitamshitaki kwa nani? Masuali haya si ya kidini peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imemhakikishia kila mtu faragha yake, na sheria ya mwaka 2019 imempa mtu haki ya kujua, kupinga na kusahihisha.

Akijibiwa kwa haki, na aandikwe, kwani asiye na kitambulisho hapati matibabu, shule wala kura, na kujidhuru si uchamungu. Asipojibiwa, basi adai jibu kwa barua, kwa wakili, kwa mwakilishi wake, wala asidai peke yake, illa kwa jamaa, kama walivyofanya Wanubi.

Habari za watu ni amana. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Aya hiyo imetangulia ile ya kuwatii wenye mamlaka, na mpango huu una maana: amana kwanza, kisha utiifu.

Wabillahi tawfiq.