Kuweka na Kuhifadhi: Suala la Istilahi katika Mchezo wa Skyrim

Makala haya yanatofautisha vitenzi kuweka na kuhifadhi kwa mfano wa Skyrim (2011), mchezo wa kompyuta wa ulimwengu wa njozi. Humo, makasha mengi ya mapangoni hurejeshwa katika hali ya awali mchezaji asipofika kwa siku 10 za mchezo, au 30 iwapo pango lilikwisha kutekwa. Alichoacha humo hutoweka. Wachezaji wengi huiona kasoro, ingawa ndiyo kanuni ya programu. Wazoefu hununua nyumba, ambamo makasha hayabadilishwi. Hata hivyo, jina la kasha ni lilelile. Kuhifadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba dhana ya ulinzi. Kuweka hakuahidi lolote. Kwa hiyo, mfasiri aandikaye “hifadhi” kwenye kasha la pangoni humpotezea mchezaji mali yake.