Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Aliyebakwa hana dhambi



Leo nilipanga tusome zakatul-fitri, lakini kuna jambo linanikaa moyoni. Miaka kadhaa nyuma, mama mmoja alinisubiri nje baada ya tarawehe. Binti yake alikuwa amebakwa na mtu wa ukoo wao. Nikamwambia avute subira, wazee wakae. Wazee wakakaa, zikalipwa mbuzi na hela, na yule binti akaacha kuja madrasa. Nilikosea. Subira haikuwahi kuwa kufunika dhulma, na Surat An-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie haki hata dhidi ya jamaa zetu.

Wail bin Hujr (r.a.) amesimulia, katika Abu Daud na Tirmidhi, kisa cha mwanamke aliyevamiwa akienda kuswali zama za Mtume (s.a.w.). Katika riwaya ile hakuna mahali alipoulizwa alivaa nini au kwa nini alitoka peke yake. Aliambiwa aende, Allah amemsamehe. Sisi leo tunaanza na gauni lake!

Wengine husema eti alete mashahidi wanne. Jamani, mashahidi wanne wa Surat An-Nur aya ya 4 anatakiwa awalete yule anayemsingizia zina mwanamke anayejihifadhi. Ni ngao ya mwanamke, tusiigeuze rungu la kumpigia.

Likitokea, wahini hospitali. Dawa ya kukinga VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Najua kwetu la kwanza ni kuoga, lakini asioge mpaka daktari amuone, na nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya PF3 inatolewa polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa na hali mbaya, hospitali kwanza. Kwa mtoto, piga 116, ni bure. Na nikisema mtoto nasema wa kiume pia, tena hata ndani ya madrasa zetu, tusijidanganye.

Aliye chini ya miaka 18 hawezi kusemwa "alikubali". Kifungo kwa mtu mzima aliyebaka hakipungui miaka 30. Hayo mambo hayamalizwi kwa mbuzi.

Kuhusu swaumu: aliyelazimishwa, kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafii, swaumu yake haikubatilika. Ila dawa akipewa mchana anywe mchana huohuo, asingoje magharibi. Siku hiyo atailipa.

Akina mama msioweza kuzungumza na mimi, mke wangu yupo upande wenu kila siku baada ya alasiri. Hatamwambia mtu bila ruhusa yako, hata mimi.

Zakatul-fitri kesho, inshaallah.