Je, Mkristo anaweza kuwa mkomunisti?

Swali: Wakristo wa kwanza waligawana mali. Kwa nini basi Kanisa liliupinga ukomunisti?

Jibu: Kushirikiana mali kumo ndani ya Biblia yenyewe. Matendo ya Mitume, sura ya 2 na ya 4, inasimulia waamini wa Yerusalemu walivyouza mashamba na nyumba, kila mmoja akapewa kadiri ya mahitaji yake. Lakini walitoa kwa hiari: katika sura ya 5 Petro anamkumbusha Anania, muumini aliyeuza shamba, kwamba shamba hilo lilikuwa lake, na hata fedha za mauzo zilikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Karl Marx, mwananadharia wa ukomunisti, alimkana Mungu na kutaka umiliki binafsi wa viwanda na ardhi ukomeshwe kwa mapinduzi. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliulaani ukomunisti huo katika waraka wake.

Hata hivyo, wapo walioona njaa ya maskini ikiwadai zaidi. Padri na mshairi Ernesto Cardenal wa Nikaragua aliwaunga mkono wanamapinduzi wa Sandinista, akawa waziri wa utamaduni mwaka 1979. Papa Yohane Paulo wa Pili alimkemea hadharani kwenye uwanja wa ndege wa Managua mwaka 1983, na baadaye Cardenal akasimamishwa huduma ya upadri. Papa Fransisko alimwondolea adhabu hiyo mwaka 2019. Cardenal alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 95.