Mkereza Mbao wa Nakuru Anunue Pampu Gani ya Ombwe?

Kabla ya kuulizia bei ya pampu, tazama mhimili wa mashine yako ya kukerezea. Hewa hunyonywa kupitia katikati yake, hivyo kama hauna tundu linalopenya mwanzo hadi mwisho, fedha za pampu zingoje.

Ombwe humfaa mkereza anapomalizia kitako cha bakuli, wakati taya hazina tena pa kushika. Bakuli hufunikwa juu ya kikombe chenye mpira ukingoni, pampu inatoa hewa ya ndani, nayo hewa ya nje inaligandamiza bila kuliachia alama. Nguvu yote inatoka kwa hewa hiyo ya nje, na ya kwetu ni haba. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, ambayo Mombasa ni kilopaskali 101, hapa ni 81 hivi, na Molo, kwenye mita 2,500, hushuka hadi karibu 75. Kwa kikombe chenye kipenyo cha sentimita 15, nguvu ya juu kabisa ni kama kilo 180 Mombasa, 145 Nakuru na chini ya 135 Molo. Hakuna pampu duniani itakayokuongezea. Basi geji ikigoma kwenye inchi 24 za zebaki ilhali karatasi ya pampu inataja 29, usimlaumu muuzaji. Ukitaka mshiko zaidi, panua kikombe: kipenyo kikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne.

Ndiyo maana nasema usilipie kina cha ombwe. Lipia lita kwa dakika. Mbao hupitisha hewa, hasa pale nyuzi zilipokatwa kichwa, na pampu isiyoweza kuushinda uvujaji huo haitashika kitu hata ikiwa ya bei ghali. Kupaka sila ndani ya bakuli hupunguza uvujaji sana.

Pampu wanazotumia mafundi wa friji ndizo rahisi kupata. Tafuta ya futi za ujazo 3 hadi 5 kwa dakika, yaani lita 85 hadi 140. Ya hatua moja inatosha, ya hatua mbili haitakusaidia lolote hapa. Kasoro yake ni kwamba iliundwa kwa mabomba yasiyovuja. Ikinyonya hewa mfululizo hupata joto na kutoa ukungu wa oili, ambao ni vyema kuuelekeza nje ya karakana kwa bomba.

Mimi ningetafuta kwanza pampu ya mashine ya kukamulia ng'ombe, na eneo la Njoro, Molo na Rongai lina ufugaji wa kutosha kuifanya ipatikane ikiwa imetumika. Imezoea kunyonya hewa nyingi bila kupumzika. Kwa kawaida hufanya kazi kwenye kilopaskali 40 hadi 50, na kwenye 45 kikombe kile cha sentimita 15 kinashika kwa kilo 80 hivi, nguvu tosha kumalizia kitako kwa mikato myepesi. Kagua mabamba yake ya ndani, mkanda, na kama mota ni ya fezi moja au tatu. Mota nyingi hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa hiyo chagua yenye nguvu ya ziada na uiweke penye hewa. Kompresa iliyong'olewa kwenye friji kuukuu iache; hewa inayovuta ni kidogo mno.

Stima ikipotea, mshiko hupotea pia. Weka tangi la chuma kati ya pampu na mashine, na vali ya njia moja upande wa pampu, upate muda wa kuondoa patasi. Kichwa cha nyuma kikae kikiegemeza bakuli hadi mikato ya mwisho. Chuja vumbi lisifike kwenye pampu.

Bakuli lenye ufa, au lenye gome lililopenya ukutani, usilishike kwa ombwe kamwe.