Saini kwenye skripti za PowerShell

SWALI: Nasimamia kompyuta za Windows ofisini. Nimeambiwa skripti zangu nizitie saini ya kidijitali. Itanisaidia nini, na naanzia wapi?

JIBU: Saini haifichi skripti, wala haisemi kuwa ni njema. Inaeleza mambo mawili tu: nani kaitia, na kwamba tangu hapo faili halijaguswa.

Unahitaji cheti cha kutia saini programu. Cha kujitengenezea kinatosha kwa majaribio. Kwa kazi za ndani, bora kitolewe na mamlaka ya vyeti ya ofisi yenyewe. Kisha tumia amri ya Set-AuthenticodeSignature. Kompyuta hukokotoa hashi ya faili, huitia saini kwa ufunguo wako wa siri, na kubandika matokeo chini kabisa ya skripti. Ukibadili hata herufi moja baadaye, Get-AuthenticodeSignature itajibu HashMismatch. Kwa hiyo hariri kwanza, saini mwisho. Mimi nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kugeuza mpangilio huo. Weka na muhuri wa muda, la sivyo cheti kikiisha, saini nayo haina kazi.

Halafu weka sera ya PowerShell ya AllSigned, inayodai kila skripti iwe na saini, ukijua kwamba mtumiaji mjanja huikwepa. Microsoft yenyewe haiihesabu kuwa kizuizi cha usalama. Kufuli la kweli ni App Control ya Windows.

Na ufunguo wa siri usiuache kwenye folda ya pamoja, tafadhali. Akiupata mwizi, skripti zake zitakuwa na jina lako.